Mastaa wa Mbio za Hisani: Mstari wa Kuanzia Mnaujua, wa Kumalizia Je?

Leo sina stori ya nani kaachana na nani, wala nani kaonekana hotelini na mume wa nani. Leo nina povu, na limenikaa kifuani muda mrefu.

Kabla hujakimbilia kuuliza "unamsema nani?", majina yote kapuni. Natupa jiwe gizani, atakayepiga yowe ndiye limempata.

Ishu ni mastaa wetu na hizi mbio za hisani. Mchezo mnaujua. Bango linatoka, sura ya staa imejaa nusu yake, miwani ya jua, meno yote nje, chini maneno makubwa: "Kimbia na mimi, okoa maisha." Vijana wanajibana, wanajiandikisha. Siku ya siku staa anafika kachelewa, watu wamesimama kwenye mstari mpaka miguu imepoa. Anapiga picha. Filimbi inalia. Anakimbia mita mia mbili mbele ya droni, mikono juu kama kashinda Olimpiki. Kwenye kona ya kwanza kuna gari la vioo vyeusi, mlango wazi, kiyoyozi kimewashwa. Tunakuja kumkuta tena jukwaani, fulana kavu kama dagaa wa Kibirizi, medali shingoni.

Medali ya nini, ndugu yangu? Ya kupanda gari?

Sasa nasema hivi, na naomba nieleweke. Staa akikubali sura yake iwekwe kwenye bango la mbio za hisani, kakubali deni la mambo matatu: afanye mazoezi, afike mwisho, na aulize hela imekwenda wapi. Kama hayawezi yote matatu, abaki zake nyumbani na kwenye bango tuweke picha ya Ziwa Tanganyika. Ziwa letu ni zuri, lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na halidai posho.

TUWEKANE SAWA KWANZA

Mbio za hisani sio shoo. Shoo nalipa kiingilio nione wewe unafanya kazi. Mbio za hisani nalipa kiingilio nifanye kazi mimi, halafu hela iende kwa mtu ambaye hata simjui. Ndiyo maana ni kitu cha heshima.

Duniani stori inayotajwa sana ni ya kijana wa Kanada anaitwa Terry Fox. Alikatwa mguu kwa sababu ya saratani. Aprili 1980 akaanza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili ipatikane hela ya utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita zaidi ya 5,300, mpaka ugonjwa uliporudi mapafuni ukamsimamisha. Mwaka uliofuata akafariki. Mpaka leo watu wanakimbia kwa jina lake. Yule hakuwa staa aliyekwenda kwenye mbio. Mbio ndizo zilizomfanya awe staa.

Kwetu Bongo mzuka wa kukimbia umepanda kweli. Kilimanjaro Marathon pale Moshi ipo toka 2003. Siku hizi kuna mbio za CRDB pale Dar ambazo zimechangia matibabu ya watoto wenye ugonjwa wa moyo kwenye Taasisi ya Jakaya Kikwete, na za NBC pale Dodoma ambazo zimechangia mapambano ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Ocean Road. Upende benki au usipende, pale mkimbiaji anajua anakimbia kwa ajili ya nani: mtoto mwenye moyo mbovu, mama mwenye saratani. Kitu kina jina.

Mzuka huo umefika mikoani mpaka huku kwetu mwisho wa reli, na ni jambo jema. Asubuhi za Jumamosi Kigoma sasa hivi unakutana na vikundi vya joging vinaimba vinapanda Mwanga. Shida ni kwamba mzuka umekuja na kirusi chake: mbio ambazo staa ndiye habari, na mgonjwa ni maneno madogo chini ya bango.

HUKU CHINI TUNAVYOJIANDAA

Nataka mastaa mjue mnasimama mbele ya watu gani mkija kupunga mikono.

Mbio zangu za kwanza za hisani zilikuwa kilomita 5, hapa hapa Kigoma. Jina la mbio nalibana, waandaaji wenyewe wanajijua. Kiingilio elfu 30. Kwa mtu wa Dar hiyo labda ni chipsi kuku na soda za marafiki watatu. Kwa kijana anayebeba mizigo bandarini Kibirizi, hiyo ni hela ya kufikiria wiki nzima. Na walilipa, nimewaona kwa macho yangu wakilipa kwa simu, mmoja akikopeshwa na mwenzake.

Mazoezi yetu yalikuwa barabara ya Ujiji. Kutoka mjini Kigoma mpaka Ujiji ni kilomita 8 hadi 10 hivi, inategemea umeanzia wapi na umeishia wapi. Ukianzia stesheni ya reli, ile ya Mjerumani, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni mlima wa Lumumba kwenda Mwanga. Mwembe wa kwanza unacheka, mwembe wa tatu umenyamaza, ukifika juu unatafuta pa kushika. Ziwa lenyewe lipo kama mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kisingizio cha "hewa ya mlimani" hapa hakipo. Ni wewe na pumzi yako.

Halafu kuna suala la jua. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini Kigoma tupo magharibi kabisa, jua linatufikia kama dakika 40 baada ya Dar. Saa 12 asubuhi ambayo Masaki watu wanajipiga selfi na mwanga wa dhahabu, huku bado giza. Watu wangu walikuwa wanakimbia gizani, tochi ya simu mkononi, bodaboda wanapita wanapiga honi. Wakisubiri kupambazuke vizuri wanachelewa vibarua. Sasa fikiria mwandaaji anatoka Dar na ratiba yake ya Dar, anaandika "kuanza saa 12:00 kamili", hajauliza hata mtu mmoja wa Kigoma kuna kucha saa ngapi. Watu wanafika kwa wakati, wanasimama gizani, na staa anaingia saa moja na nusu kwa sababu kamera zake zinahitaji mwanga.

Kwenye kundi letu alikuwepo mama mmoja muuza migebuka. Hakuwa na raba za mbio. Alikuwa na raba za mtoto wake wa sekondari, zimembana vidole. Wiki ya kwanza alikuwa hawezi kukimbia hata kutoka nguzo moja ya umeme mpaka nyingine. Wiki ya nane akawa anatuacha. Nikamuuliza, mama, kwa nini unajitesa hivi? Akasema bango limeandika hela ni ya wodi ya wazazi, na yeye anajua wodi ni nini. Basi, hakuongeza neno.

Siku ya mbio mama alimaliza. Medali ziliisha kabla hajafika, kwa sababu boksi moja lilikwenda kwenye hema la wageni maalumu, lenye watu ambao hawakukimbia hata hatua moja.

Hapo ndipo povu langu lilipoanzia.

MTANIAMBIA "ANALETA WATU"

Najua komenti zenu kabla hamjaandika. Twende moja moja.

"Staa analeta watu, bila yeye nani angejiandikisha?" Kweli kabisa, sibishi. Sura moja yenye wafuasi milioni inajaza mbio ambazo bango la daktari lisingejaza. Ila angalia hapo umesema nini. Umesema watu wamelipa kwa sababu ya neno lake, "kimbia na mimi". Basi hilo neno ni ahadi. Ukiniambia kimbia na mimi halafu nikageuka kilomita ya kwanza haupo, umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Uwezo wa kuvuta watu ndio unaoongeza deni, haulipunguzi.

"Ana ratiba ngumu." Ratiba gani? Huyu huyu tunamuona kila siku gym, ananyanyua vyuma vya kilo kumi na muziki wa huzuni nyuma yake. Mtu mwenye muda wa kujirekodi saa nzima anabadilisha trakisuti tatu, hana nusu saa mara tatu kwa wiki?

"Yeye sio mwanariadha." Na nani kasema ni mwanariadha? Muuza migebuka ni mwanariadha? Hisani haitaki kasi. Kilomita 5 kwa kutembea tu mwendo wa kwenda sokoni ni kama saa moja. Saa moja! Hakuna mtu atakayekucheka ukitembea. Ukiwa wa mwisho kabisa tutakupigia makofi kuliko wa kwanza, kwa sababu nchi hii ina historia na watu wa mwisho.

Mnamkumbuka mzee John Stephen Akhwari? Mexico City, Oktoba 1968, marathon ya Olimpiki. Walianza watu 75. Akaanguka njiani, goti likaumia vibaya. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza. Saa nzima ikapita na zaidi. Uwanja unakaribia kubaki mtupu, giza limeingia, ndipo anaingia Mtanzania mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Watu 57 walimaliza siku ile na yeye alikuwa wa 57. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, akawaambia nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Dunia nzima inamjua kwa kumaliza wa mwisho. Wewe unataka tukujue kwa kuanza wa kwanza?

Na kama unataka mfano wa juzi, Septemba 2025 kule Tokyo Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Kilomita 42 na ushee, na tofauti yake na Mjerumani wa pili ilikuwa sekunde 0.03. Muda wao ulioandikwa ni mmoja, saa 2:09:48, ikabidi picha ndiyo iamue. Mbio zote zile zikaamuliwa hatua ya mwisho. Hakuna aliyepewa dhahabu kwa kupendeza mwanzoni.

"Una wivu tu." Haya, hilo nimelisubiri. Wivu wa nini? Gari la vioo vyeusi sihitaji, Kigoma bajaji zipo. Ninachotaka ni medali ya yule mama.

MSIWACHANGANYE WOTE

Tuwe waungwana pia. Wapo wanaokimbia kweli. Niliwahi kumuona msanii mmoja, sio jina kubwa, nyimbo zake mbili tu ndizo unazozijua. Kilomita ya tatu misuli ikamkaza. Akakaa chini pembeni ya barabara, akavua raba, akajinyoosha, akanyanyuka akatembea mpaka mwisho na watoto wa shule wakimsindikiza wanaimba wimbo wake. Hakuna droni iliyomfuata, droni ilikuwa kwenye jukwaa na staa mkubwa. Hakuna blogu iliyomposti. Leo namposti mimi, bila jina, kwa sababu hakwenda pale kutafuta jina.

Halafu wapo wa aina nyingine wanaonikera kuliko hata wa kona ya kwanza: wanaolipwa. Sisemi kazi isilipwe, sanaa ni kazi. Ila tupige hesabu ya darasa la nne. Tuseme staa kalipwa milioni 3 kuja "kuhamasisha", na kiingilio ni elfu 30. Gawanya. Ni viingilio vya watu 100. Watu mia moja wamefanya mazoezi gizani miezi miwili, wamepanda mlima wa Lumumba wakitapika mate, wamelipa hela ya kukopa, na jasho lao lote limeishia kwenye tiketi ya ndege, hoteli na posho ya mtu mmoja ambaye hakutoka jasho. Kama ndivyo, andikeni kwenye bango ukweli: "Watu mia wa kwanza mnakimbia kwa ajili ya staa, kuanzia wa mia na moja ndio tunaanza kumfikiria mgonjwa." Tuone nani atajiandikisha.

HUKU KWETU MSAADA SIO MADA YA KUPOSTI

Labda mastaa wa mbali hawajui Kigoma ni wapi, wanajua mawese na utani wa mwisho wa reli. Ngoja niwape somo dogo.

Mei 2015 watu wa Burundi walikimbia machafuko kwao, maelfu kwa maelfu wakajaa Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mpakani kabisa, mlima nyuma, ziwa mbele. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa pale ilikuwa maji. Ikaenda MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini hapa hapa Kigoma mwaka 1915, ikawa inabeba watu kama 600 kwa safari kuwaleta mjini. Wengi walipofika walipokelewa kwanza kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, uwanja huu huu tunaoujua kwa mpira na matamasha, kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu.

Meli ya miaka mia moja ilikwenda Kagunga na kurudi, ikaenda tena na kurudi tena. Haikufika nusu ya ziwa ikageuza kwa sababu picha imeshatoka.

Na mpaka leo vipo vijiji vya ufukweni ambavyo boti ndiyo barabara yao. Mama akishikwa na uchungu usiku, ziwa likiwa limechafuka, watu wanasimama ufukweni wanaangalia mawimbi na kuangalia tumbo. Ukisema "okoa maisha" kwenye bango lako, huyo ndiye unayemsema. Sio neno la kupamba picha.

Tena hapa Kigoma tumeshaona kazi ya hisani ikifanywa sawasawa, na waliotoa hela hawakuwa hata wa kwetu. Kuanzia 2006 taasisi ya Bloomberg Philanthropies ya New York ilifadhili kazi ya afya ya uzazi mkoani humu kwa miaka zaidi ya kumi. Vituo vya afya vya vijijini viliwezeshwa kufanya upasuaji wa kujifungua, watumishi ambao sio madaktari bingwa wakafundishwa kuufanya, ili mama asilazimike kusafirishwa mpaka hospitali kubwa. Halafu matokeo yakapimwa, yakaandikwa, yakachapishwa, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Sasa tajiri wa New York ametoa hesabu kwa mama wa Kigoma, wewe mtoto wa nyumbani unayejiita balozi unashindwa nini kuuliza mwandaaji swali moja: "Hela imefika?"

Mimi niliuliza, kwa mbio zangu zile. Nikaambiwa ripoti inaandaliwa. Nikauliza tena, nikaambiwa nimtafute mhusika. Mhusika hapokei simu. Nikamuandikia staa wa bango, akaniwekea alama ya moyo. Moyo! Nimeuliza habari ya vitanda vya wodi, nimejibiwa moyo mwekundu.

KAMA HUJUI PA KUANZIA, RATIBA HII HAPA

Ili mtu asiseme nalalamika tu, natoa ratiba bure. Ni ya mtu wa kawaida kabisa kuelekea kilomita 5, wiki kumi, siku tatu au nne kwa wiki. Staa anaweza, na wewe msomaji unaweza.

Wiki ya 1 na 2: tembea haraka dakika 30. Katikati weka kukimbia taratibu dakika moja, tembea mbili, rudia mara sita mpaka nane.

Wiki ya 3 mpaka 5: kimbia dakika tatu, tembea moja au mbili. Kama huwezi kuongea sentensi nzima huku unakimbia, umezidisha kasi, punguza.

Wiki ya 6 mpaka 8: kimbia dakika nane mpaka kumi, tembea moja, rudia mara tatu. Siku moja kwa wiki ingiza mlima. Wa Kigoma mnajua ni upi.

Wiki ya 9 na 10: kimbia nusu saa bila kusimama, polepole. Siku tatu za mwisho kabla ya mbio punguza, pumzika, lala.

Mengine ni ya akili ya kawaida. Kama una presha, una kisukari, au kifua kinakubana ukijitahidi, muone daktari kabla ya kuanza. Raba mpya usizivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Ugali na mgebuka wa nazi kula jana yake, sio saa moja kabla. Kichomi kikikupata, punguza mwendo uvute pumzi ndefu, kinapita. Na kimbieni wawili wawili, hasa dada zangu, giza la asubuhi sio rafiki.

Ndiyo hiyo tu. Hakuna siri, hakuna mwalimu wa kulipwa dola. Jumla yake kwa wiki haifiki hata muda unaotumia kuchagua picha ya kuposti.

MASHARTI YETU KUANZIA LEO

Wadau, mastaa hawa hawajitengenezi wenyewe. Ile picha ya mstari wa kuanzia inapata laiki elfu sitini, na laiki hizo hazitoki mbinguni, ni vidole vyenu. Mkiacha kulaiki picha ya kuanza na mkaanza kuidai picha ya kumaliza, tabia itabadilika ndani ya msimu mmoja. Staa anaogopa komenti kuliko anavyoogopa mahakama.

Kwa hiyo bango likitoka, kabla hujatoa elfu 30 yako, uliza pale pale chini ya posti, kwa adabu, bila matusi:

Moja, hela inakwenda wapi kwa jina? Sio "kusaidia jamii". Wodi gani, kituo gani, kitu gani.

Mbili, balozi wa mbio analipwa au anajitolea? Kama analipwa, hela yake inatoka kwa mdhamini au kwenye viingilio vyetu?

Tatu, balozi anakimbia kilomita ngapi, na mazoezi kaanza lini?

Nne, hesabu itatolewa lini, hadharani, na aliyepokea ataongea mwenyewe?

Na wewe staa, ukitaka kweli kutuziba midomo, njia ipo rahisi. Waambie mashabiki zako wakuahidi hela kwa kila kilomita utakayoimaliza. Shilingi 1,000 kwa kilomita. Ukimaliza 5, kila mmoja anatoa 5,000. Wakijitokeza mashabiki 1,000 tu kati ya hao milioni unaotutambia nao, ni milioni 5, bila mdhamini, bila hema la wageni maalumu. Ukipanda gari kilomita ya kwanza, inabaki milioni moja, na milioni nne zilizopotea zitakuwa na jina lako. Hapo ndipo tutajua kama wewe ni balozi au ni pambo.

Kigoma tunawapenda wasanii, mkoa huu umetoa wengi mpaka watani wanatuonea gere. Karibuni sana. Mkija tutawapa migebuka, tutawapeleka Ujiji mkaone ule mnara wa Livingstone, tutawapokea kwa ngoma. Ila raba mje nazo zimeshachakaa kidogo kwa mazoezi. Na dereva wa lile gari la vioo vyeusi mwambieni asipaki kwenye kona ya kwanza. Apaki kwenye mstari wa kumalizia, awasubiri huko kama ndugu za wakimbiaji wengine wanavyosubiri.

Haya, nimemaliza, povu limepungua. Kama umewahi kukimbia mbio za hisani ukaonyeshwa hesabu mpaka senti ya mwisho, tuambie ni zipi tuwapongeze kwa majina. Kama hukuonyeshwa, usitaje mtu, sema tu ilikuwa mwaka gani na uliahidiwa nini. Uwanja wenu.